Chemba ya biashara mbele ya lango la kambi: historia ya Killeen, Texas

Chemba ya biashara ni chombo cha hiari cha wenye maduka, benki, hoteli, viwanda na magazeti ya mji mmoja, wanaolipa ada ili wawe na sauti moja mbele ya serikali na mbele ya soko. Katika miji mingi chombo hiki huhangaika kutafuta wawekezaji wa kila aina. Katika mji wa kijeshi hali ni tofauti, kwa sababu kuna mteja mmoja anayewazidi wengine wote, naye ni jeshi. Mishahara ya askari ndiyo inayolipa kodi za nyumba, ndiyo inayonunua magari na samani, na ndiyo inayojaza migahawa mwisho wa juma. Lakini uamuzi wa kuleta kikosi au kukiondoa hufanyika makao makuu, mbali na mji, na wenye maduka hawana kura katika kikao hicho.

Killeen, mji ulio katikati ya jimbo la Texas nchini Marekani, umeishi katika hali hiyo tangu mwaka 1942. Historia ya wafanyabiashara wake na ya chemba za eneo lake inaonyesha kile ambacho chombo cha namna hii kinaweza kufanya mbele ya kambi kubwa, na pale nguvu zake zinapoishia.

Chanzo cha chemba

Chemba ya kwanza inayojulikana kwa jina hilo ilianzishwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1599, kulinda biashara ya bandari. Katika makoloni ya Uingereza ya Amerika ya Kaskazini, wafanyabiashara wa New York waliunda yao mwaka 1768, kabla Marekani haijawa taifa. Tangu mwanzo kulikuwa na njia mbili. Nchini Ufaransa chemba ni chombo cha sheria ya umma, na mfanyabiashara huhesabiwa ndani yake apende asipende. Nchini Marekani, kama ilivyo kwa chemba za Tanzania na Kenya, mwanachama hujiunga kwa hiari na akichoka hutoka. Kwa hiyo chemba ya Marekani hulazimika kila mwaka kuwaonyesha wanachama faida ya ada yao. Mwaka 1912, kwa msukumo wa Rais William Howard Taft, chemba za miji ziliunda chombo cha taifa chenye makao Washington. Kufikia Vita vya Kwanza vya Dunia, hata miji midogo ya Marekani ilikuwa imezoea kutuma ujumbe wa wafanyabiashara mji mkuu kuomba reli, posta, bwawa au kambi.

Mji wa pamba

Killeen ulizaliwa na reli. Mwaka 1882 kampuni ya Gulf, Colorado and Santa Fe ilipima viwanja kando ya njia yake mpya, ikaupa mji jina la Frank P. Killeen, mmoja wa viongozi wake. Wakulima wa vijiji vya jirani walileta pamba, sufu na nafaka ili zipakiwe kwenye mabehewa, na mji ukawa na vinu vya kuchambua pamba, maghala, maduka ya jumla na benki. Mwanzoni mwa karne ya 20 yalijengwa madaraja juu ya vijito vya eneo hilo, kikiwamo Cowhouse Creek, na wakulima wa mbali zaidi wakaweza kufika sokoni. Kwa mfanyabiashara wa wakati huo, daraja jipya lilikuwa na maana ya wateja wapya.

Ukuaji huo ulikuwa wa polepole. Sensa ya mwaka 1940 iliwakuta wakazi 1,263 tu. Anguko la uchumi la miaka ya 1930 liliwaumiza wakulima wa pamba kote Texas, na miradi ya umma ya serikali ya Franklin D. Roosevelt ilileta nafuu kiasi. Hakuna aliyetarajia kwamba mji huo wa wakulima ungekuja kuhesabiwa miongoni mwa miji mikubwa ya jimbo.

Kambi yaja, mashamba yaondoka

Mwanzoni mwa mwaka 1942, wiki chache baada ya Marekani kuingia katika Vita vya Pili vya Dunia, Wizara ya Vita ilitangaza kwamba kituo cha mafunzo ya vikosi vya kuharibu vifaru kingejengwa karibu na Killeen. Jeshi lilihitaji eneo pana, lenye vilima na mabonde, ambako mizinga ingeweza kufyatuliwa bila kuhatarisha miji. Nyuma ya uamuzi huo kulikuwa pia na kazi ya kushawishi. Viongozi wa biashara wa Temple, mji wa reli ulio kilomita 40 hivi mashariki mwa Killeen, walikuwa wameanza mapema kuzungumza na wakubwa wa Washington. Aliyejulikana zaidi miongoni mwao ni Frank Mayborn, mchapishaji wa gazeti la Temple Daily Telegram. Kambi ilifunguliwa rasmi Septemba 1942 ikiitwa Camp Hood, kwa jina la John Bell Hood, jenerali wa majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani.

Wafanyabiashara wa Killeen walipokea baraka na hasara kwa mkono mmoja. Maelfu ya mafundi, vibarua, askari na familia zao walimiminika. Vyumba vya kupanga viliadimika, na foleni za chakula zikawa ndefu. Wakati huohuo jeshi lilitwaa zaidi ya mashamba 300, karibu nusu ya eneo lililokuwa likileta mazao yake mjini. Familia zilizoishi hapo kwa vizazi zilipewa muda mfupi wa kuhama, tena wakati wa vita ambapo ardhi mbadala ilikuwa adimu. Vinu vya pamba vilikosa pamba. Wauzaji wa mbegu na majembe waliona wateja wao wakitawanyika. Mji uliokuwa ukiuza bidhaa za shamba sasa ulianza kuuza huduma kwa askari: kufua nguo, kukata nywele, kupiga picha, kupika na kupangisha.

Hapo ndipo tatizo la mji wa kambi lilipojitokeza waziwazi. Vita vilipokwisha mwaka 1945, idadi ya askari kambini ilipungua sana. Mashamba hayakurudi, na askari wengi nao walikuwa wameondoka. Kwa miaka minne iliyofuata Killeen iliishi katika mdororo, huku wakazi wake wakirudi kuwa kama 1,300.

Kutoka kambi ya muda hadi kambi ya kudumu

Somo la miaka hiyo lilikuwa wazi kwa kila mwenye duka: kambi ya muda ni biashara ya muda. Jitihada za viongozi wa eneo zikaelekezwa kwenye kuifanya kambi kuwa ya kudumu, na mwaka 1950 jeshi lilitangaza hivyo rasmi, Camp Hood ikawa Fort Hood. Vita vya Korea vilivyoanza mwaka huohuo viliongeza kasi. Sensa ya 1950 ilihesabu wakazi 7,045, zaidi ya mara tano ya idadi ya mwaka uliotangulia. Kati ya 1950 na 1951 yalijengwa majengo ya biashara kama 100.

Ukuaji wa namna hiyo huelemea mji mdogo. Mitambo ya maji ya Killeen ilikuwa imejengwa kwa ajili ya watu elfu moja na kidogo. Shule zilijaa, barabara zilichakaa, na nyumba hazikutosha. Katika hali kama hii chemba ya mji wa kijeshi huacha kuwa chama cha wauza bidhaa pekee. Hushirikiana na baraza la mji, bodi ya shule na wabunge kutafuta fedha za serikali kuu. Bwawa la Belton kwenye Mto Leon, lililokamilika mwaka 1954, lilitoa maji kwa kambi na kwa miji inayoizunguka. Barabara kuu namba 190 ikawa uti wa mgongo wa biashara ya eneo. Chuo cha Central Texas kilianzishwa mwaka 1965, na kwa jamii ya askari kilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa askari anayetaka kusoma jioni na mke wa askari anayetafuta ujuzi ni wateja wa elimu walio karibu na lango.

Kazi za chemba ya mji wa kijeshi

Chemba za miji ya aina hii kwa kawaida huwa na kamati ya masuala ya kijeshi. Kamati hiyo huwapokea makamanda wapya, maana kamanda wa kambi hubadilishwa kila baada ya miaka michache na uhusiano huanza upya. Huandaa hafla za kuaga vikosi vinavyokwenda vitani na za kuvipokea vinaporudi. Huzipa familia mpya taarifa za shule, nyumba na hospitali. Pia hutuma wajumbe Washington kukutana na wabunge na maofisa wa wizara. Mbele ya umma shughuli hizi huonekana kama ukarimu. Ndani yake kuna hesabu ya biashara, kwani familia inayoupenda mji hununua nyumba, na askari mstaafu anayebaki huleta pensheni isiyotegemea vita wala amani.

Uhusiano huo una mvutano wake wa kudumu, nao ni duka la kambini. Tangu mwaka 1895 jeshi la Marekani limekuwa na utaratibu wa maduka ndani ya kambi zake yanayowauzia askari na familia zao bila kodi ya mauzo. Kwa miaka mingi maduka ya chakula ya kambini yaliuza kwa bei ya kununulia na kuongeza asilimia 5 tu. Mwenye duka wa mjini, anayelipa kodi ya pango na ya serikali, hakuweza kushindana na bei hizo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 malalamiko ya wauzaji rejareja yalifika mbele ya kamati ya Bunge, na vikwazo vikawekwa juu ya aina za bidhaa ambazo maduka ya kambini yangeuza. Jeshi lilijibu kwamba maduka hayo ni sehemu ya stahili za askari. Chemba ikabaki katikati, ikiwakilisha maduka yanayoumia na wakati huohuo ikiogopa kumuudhi mteja mkuu.

Askari kama mteja

Swali gumu zaidi katika historia ya miji hii ni jinsi wafanyabiashara walivyomtendea askari mwenyewe. Mwanzoni Killeen ilikuwa ndani ya Texas ya ubaguzi wa rangi. Julai 1944, Luteni Jackie Robinson, ambaye miaka mitatu baadaye alikuja kuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza wa zama hizi kucheza ligi kuu ya besiboli, alikataa kuhamia viti vya nyuma kwenye basi huko Camp Hood. Alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na Agosti akaachiwa huru.

Mwaka 1948 Rais Harry Truman aliamuru usawa jeshini, lakini amri yake haikuvuka lango. Askari Mweusi aliyekula meza moja na wenzake kambini aliweza kukataliwa chumba au chakula mjini. Mwaka 1963 Wizara ya Ulinzi iliwapa makamanda njia ya kupiga marufuku askari kuingia katika biashara zinazobagua, kwa idhini ya ngazi za juu. Kwa mji ulioishi kwa mishahara ya kambi, marufuku hiyo ilikuwa na makali kuliko hotuba yoyote. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ikafunga mlango huo kisheria.

Suala la pili ni mikopo. Kijana wa miaka 19 mwenye mshahara wa uhakika, aliye mbali na wazazi na anayetarajia kupelekwa vitani, ni mteja anayevutia kila aina ya muuzaji. Karibu na malango ya kambi za Marekani yaliota maduka ya vito, magari yaliyotumika, rehani na mikopo ya haraka. Wakati wa vita vya Vietnam, askari wa Fort Hood waliopinga vita walikutana katika mkahawa wa Oleo Strut mjini Killeen, uliofunguliwa mwaka 1968. Mwaka 1971 askari na wenzao waligomea duka moja la vito mjini humo, wakilituhumu kuwauzia vijana kwa mkopo wa masharti magumu. Walisimama mlangoni na mabango, na baadhi yao wakakamatwa na polisi.

Suluhisho la kitaifa lilichelewa. Mwaka 2006 Bunge lilipitisha sheria inayoweka ukomo wa riba ya asilimia 36 kwa mwaka kwa mikopo mingi inayotolewa kwa askari walio kazini na familia zao, baada ya Wizara ya Ulinzi kueleza kwamba madeni yalikuwa yakidhoofisha utayari wa vikosi. Katika jambo hili chemba za miji ya kijeshi zina mtihani wa asili, kwa kuwa mkopeshaji naye anaweza kuwa mwanachama anayelipa ada.

Vikosi vinapoondoka

Mji wa kambi hupanda na kushuka kwa ratiba ya jeshi. Katikati ya miaka ya 1950 kuhamishwa kwa vikosi kuliiingiza Killeen katika mdororo mwingine, uliodumu hadi mwaka 1959 vikosi vipya vilipoletwa. Vita vya Vietnam vilirudisha pilikapilika, na kufikia 1970 mji ulikuwa na wakazi 35,507. Mwaka 1971 Divisheni ya Kwanza ya Wapanda Farasi, ambayo kwa wakati huo ilitumia helikopta na magari, ilirejea kutoka Vietnam na kuweka makao Fort Hood.

Agosti 1990 Iraki ilipoivamia Kuwait, maelfu ya askari wa Fort Hood walipelekwa Ghuba. Kikosi kikiondoka kwa miezi, baadhi ya wake na watoto hurudi kwa wazazi wao, nyumba hubaki tupu na migahawa hupunguza wafanyakazi. Kisha kikirudi, askari huja na akiba ya mishahara na posho za vitani, na wauza magari huwa na miezi ya neema. Vita vya Iraki na Afghanistan baada ya 2001 vilirudia mzunguko huo kwa zaidi ya muongo mmoja. Mfanyabiashara wa Killeen alijifunza kusoma habari za ulimwengu kama mkulima anavyosoma mawingu.

Hofu ya kufungwa

Vita Baridi vilipokaribia kwisha, hatari ilibadilika. Bunge lilianzisha utaratibu wa tume huru ya kupendekeza kambi za kufungwa kwa orodha moja, inayokubaliwa au kukataliwa yote kwa pamoja, ili mbunge mmoja asiweze kuiokoa kambi ya kwao kwa ujanja wa siasa. Awamu zilifanyika 1988, 1991, 1993, 1995 na 2005. Vigezo viliweka mbele thamani ya kijeshi; athari kwa uchumi wa mji zilizingatiwa baadaye.

Utaratibu huu ulibadili kazi ya chemba. Kulia kwamba mji utakufa hakukutosha tena. Ilibidi kuonyesha kwamba ardhi ya mazoezi ni pana, anga iko wazi, reli inafika, na ujenzi wa nyumba hausogei karibu na uwanja wa mizinga. Miji mingine iliweza kujitetea kwa muda tu. Anniston, Alabama, ilipigania Fort McClellan na kuinusuru katika awamu za 1991 na 1993, lakini mwaka 1995 kambi ikaingia kwenye orodha na kufungwa miaka minne baadaye. Clovis, New Mexico, ilibahatika mwaka 2005. Kambi ya anga ya Cannon ilikuwa kwenye orodha. Viongozi wa mji wakaitetea mbele ya tume, nayo ikabaki na kupewa kazi ya vikosi maalumu.

Fort Hood haikufungwa. Ukubwa wake, zaidi ya ekari 200,000, ulikuwa ngao kuliko ushawishi wowote. Hata hivyo awamu ya 2005 iliihamisha Divisheni ya Nne ya Askari wa Miguu kwenda Fort Carson, Colorado, ushahidi kwamba mji unaweza kupungukiwa wateja bila kambi kufungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 miji inayoizunguka kambi iliunganisha nguvu katika chombo cha pamoja cha kuitetea, Heart of Texas Defense Alliance, na serikali ya Texas ikaunda tume yake ya kusaidia jamii za kijeshi.

Kutafuta mguu wa pili

Pamoja na kuilinda kambi, viongozi wa biashara wamejaribu kupunguza utegemezi. Mwaka 2004 ulifunguliwa uwanja mpya wa ndege za abiria unaotumia njia ya kurukia ya jeshi ya Robert Gray, iliyopewa jina la rubani mzaliwa wa Killeen aliyeshiriki shambulio la anga la Doolittle dhidi ya Japani mwaka 1942. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Texas A&M–Central Texas kilianza kujitegemea. Chemba kubwa ya mji, Greater Killeen Chamber of Commerce, imekuwa ikiwatangazia wawekezaji nguvukazi ya kipekee: askari wanaomaliza utumishi wakiwa bado vijana, wenye nidhamu na ujuzi wa ufundi, umeme, usafirishaji na tiba.

Matokeo ni ya kati na kati. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 153,095, zaidi ya mara 120 ya wale wa 1940. Wastaafu wengi wamebaki, na mji una mchanganyiko wa watu wa asili nyingi, jambo ambalo miji mingi ya ukubwa wake katika Texas haina. Lakini mwajiri mkuu bado ni jeshi, na misukosuko ya kambi huugusa mji moja kwa moja. Mauaji ya Novemba 2009, ambapo meja wa jeshi aliwaua watu 13, na uchunguzi wa mwaka 2020 uliofichua udhaifu wa uongozi katika kushughulikia unyanyasaji wa kijinsia, viliharibu jina ambalo biashara za mji zilikuwa zikilitumia kujitangaza. Hata jina lenyewe halikutulia. Mei 2023 kambi iliitwa Fort Cavazos, kwa heshima ya Jenerali Richard Cavazos, Mmarekani wa kwanza wa asili ya Amerika ya Kilatini kufikia cheo cha nyota nne katika jeshi la nchi kavu. Mwaka 2025 likarudishwa jina Fort Hood, safari hii kwa heshima ya Kanali Robert B. Hood wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila badiliko lilihusu mabango ya barabara, ramani, matangazo na majina ya biashara, na kila badiliko liliamuliwa nje ya mji.

Historia hii inatoa hukumu iliyo wazi kuhusu chemba ya mji wa kijeshi. Inaweza kuisaidia kambi kuja, na inaweza kusaidia kupatikana kwa maji, barabara na vyuo vinavyoifanya isihame upesi. Haiwezi kuamua ukubwa wa jeshi wala mahali pa vita vijavyo. Kilicho ndani ya uwezo wake ni mambo mawili: kuhakikisha kwamba askari anatendewa haki na wanaomuuzia, na kutumia miaka ya neema kujenga biashara zitakazosimama vikosi vikiondoka. Killeen ilichelewa katika jambo la kwanza, hadi sheria za taifa zikaingilia kati. Katika la pili, bado haijamaliza kazi.